Boliti Ife, Tezi Ipone

Mtaimbo ulishaingizwa baina ya mashine na tezi, yaani ubao wa nyuma wa mashua, vijana wawili wameulalia kwa uzito wao wote, na kilichoachia kwanza ni mti. Ufa ulianzia kwenye tundu la boliti ya chini ukapanda na uzi wa ubao mpaka ukingoni juu, kiasi cha shubiri moja na nusu. Hapo ni Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, maji yamekupwa, mashua ya mbao imesimama juu ya gadi, ile miti ya kuiegemeza. Mashine yenyewe, ya kufungwa tezini, ni Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, iliyokwisha kula chumvi miaka mingi.

Mashine haikusogea hata chembe.

Suali la kwanza lililosikika pale lilikuwa, "Imeachia?" Watu wanauliza habari za mashine. Ufa haukutazamwa mpaka baadaye, mtaimbo ulipokuwa umeshahamishiwa upande wa pili.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ile mashine ilikuwa inatolewa kwa sababu imekufa. Mashua ndiyo iliyokuwa hai, na ndiyo iliyojeruhiwa kwa ajili ya kumtoa maiti. Nilipoanza kuuliza kwa mafundi na manahodha nikaona habari ni ile ile pwani nyingi: kazi ya kutoa mashine kongwe huhesabiwa kuwa kazi ya mashine, akaitwa fundi wa mashine, zikaletwa spana za mashine. Fundi wa mashua huja mwisho, kuziba.

## Nani afe kwanza

Kitu kikishikana kwa chumvi, lazima kimoja kife ili vyengine vipone. Suala ni kuamua mapema ni kipi, kabla mikono haijachoka na hasira haijapanda.

Boliti ya stenlesi ya milimita 12 inauzwa dukani. Klampu ya mashine, yaani ile sehemu ya aluminiamu inayokumbatia tezi, hupatikana kwenye mashine nyengine iliyokufa. Tezi ya mvule uliokomaa haiuzwi popote. Na hata ukiupata ubao, mbao zote za ubavu wa kulia na wa kushoto zimeishia na kupigiliwa misumari kwenye tezi hiyo hiyo. Kuibadilisha ni kufungua nusu ya mashua.

Kwa hiyo mpango wa kufa ni huu: boliti kwanza, klampu ikibidi, kisha mashine. Tezi isiwemo kabisa kwenye hesabu.

Hapa wenye mashine huwa na hoja, na hoja yao ni ya haki. Mashine kongwe ya 40 bado ina fedha ndani yake. Giaboksi, propela, koili, kabureta, krenki kama haijaliwa, vyote vina wateja. Mtu hataki kusikia habari za msumeno. Lakini tazama vizuri hivyo vinavyouzwa: hakuna hata kimoja kilichomo ndani ya klampu. Giaboksi hutoka kwa kufungua boliti zake za chini na kuachanisha fimbo ya gia. Kabureta na koili hutoka juu, ukishavua kofia. Kichwa kizima kinaweza kunyanyuliwa kikabaki kiwiliwili na klampu tu.

Mashine haina lazima ya kutoka nzima.

Kwangu hili ndilo lililogeuza jambo lote. Mashine ya 40 ya aina hii inapita kilo 70. Ukishaipunguza kichwa na giaboksi, kinachobaki kwenye tezi ni chuma chepesi ambacho mtu mmoja anaweza kukishika wakati mwengine anashughulika na boliti. Uzito ndio unaowatia watu haraka, na haraka ndiyo inayoleta mtaimbo.

## Kinachoshika ni nini

Stenlesi na aluminiamu zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inapoliwa inageuka unga mweupe, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa. Nafasi haipo. Boliti iliyopita kwenye tundu kwa kulegea sasa imebanwa pande zote, kwa urefu wote wa tundu. Ndiyo maana nati inaweza kufunguka kwa urahisi, watu wakafurahi, kisha boliti yenyewe ikakataa kutoka. Nati na boliti ni stenlesi kwa stenlesi. Aliyeshika yuko katikati.

Skrubu mbili za kubania, zile zenye masikio, nazo zina maradhi hayo hayo, tena zaidi, kwa sababu uzi wake umekatwa moja kwa moja ndani ya aluminiamu. Mtu akitia bomba kwenye sikio ili apate nguvu, moja katika mawili hutokea: sikio linavunjika, au klampu inapasuka. Aluminiamu ya kumiminwa haipindi kabla ya kuvunjika, haitoi taarifa.

Kuna mashua ambazo hazikufungwa kwa stenlesi. Zilifungwa kwa kipande cha nondo kilichokatwa uzi, au boliti ya chuma iliyopakwa zinki ambayo zinki yake imekwisha zamani. Hapo aliyeshika ni kutu, na kutu nayo huvimba. Ubaya wake ni kwamba inaudhuru mti pia. Chuma kinachooza ndani ya mti mbichi kwa maji kinaufanya mti uwe mweusi na laini kuzunguka tundu. Ukichoma kwa bisibisi ikazama bila kusukumwa, jua kwamba tezi imeshaanza kufa kabla hujaigusa, na hapo nyundo ya aina yoyote ni hatari.

Kwa hiyo kabla ya spana, gonga. Chukua nyundo ndogo ugonge tezi yote, ukianzia mbali na matundu na kuyasogelea. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu na nyundo inaruka. Mti uliooza sauti yake inazama. Piga mstari wa chaki pale sauti inapobadilika. Mstari huo ndio utakaokuongoza siku nzima: ndani yake usiegemeze kitu chochote.

Boliti za chini ndizo mbaya kuliko zote. Chombo kikipakia, zinakuwa karibu na maji au ndani yake, na aliyezifunga zamani mara nyingi hakutia kitu cha kuzuia maji kupenya.

## Bamvua

Hii si kazi ya kufanywa baina ya maji kupwa na maji kujaa. Saa sita hazitoshi, na mtu anayeona maji yanarudi hufanya maamuzi mabaya.

Kweza chombo siku bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, linapofikia kilele chake. Unguja bamvua hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita nne, kwa hiyo ukikifikisha chombo kwenye kilele cha maji hayo, maji ya siku zinazofuata hayatakifikia. Yanapungua kila siku mpaka maji mafu. Una wiki moja na zaidi ya kufanya kazi kwa utulivu, kisha bamvua la pili linakuja lenyewe kukushua.

Tia gadi pande zote mbili, na ongeza gadi moja chini ya tezi yenyewe, upande ule uliofungwa mashine. Kwenye mashua zenye usukani wa zamani mashine haikai katikati. Imesogezwa pembeni ili propela isigongane na usukani na fashini, ule mti wa wima wa nyuma. Uzito wote umeelemea upande mmoja. Ukiutoa ghafla chombo kinaweza kuyumba juu ya gadi.

Halafu jua. Watu hufikiria kuilinda mashine, kumbe mashua ndiyo inayoumia juani. Mbao zikikauka, mishono inafunguka na kalafati, ile pamba ya kuzibia mishono, inalegea. Funika kwa makuti au turubai, na asubuhi na jioni mwagia ndani ndoo za maji ya bahari. Ya bahari, si ya mfereji; maji yasiyo na chumvi yakituama kwenye mataruma, yaani mbavu za ndani ya chombo, yanaozesha mti.

## Siku ya kulowesha

Siku ya kwanza haina spana kubwa. Ina kumwaga, kufungua vidogo na kulowesha.

Toa mpira wa mafuta kwenye tangi na kwenye mashine, na tangi lipelekwe mbali kabisa, upande unakotoka upepo. Mwaga petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta. Kuna skrubu ndogo chini yake. Kama kuna betri, ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Vua kofia za plagi zote. Hilo wengi huliruka kwa kuwa mashine "imekufa", lakini mashine iliyokufa kwa wiki moja inaweza kushtuka mtu akizungusha propela kwa mkono, na vidole vyake viko pale.

Mwaga oili ya giaboksi kwenye chombo. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie. Itazame inavyotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekwisha, na bei ya giaboksi hiyo ishuke ipasavyo kwa anayeinunua. Oili isimwagwe mchangani. Maji ya bamvua lijalo yataichukua na kuipeleka kwenye mikoko na kwenye mwani wa watu.

Sasa kulowesha. Osha klampu na boliti zote kwa maji ya mfereji na burashi ya waya mpaka chumvi ya juu iishe. Mafuta hayapenyi kwenye chumvi. Siki kidogo, au ndimu, inasaidia kulegeza ule unga mweupe kwenye skrubu za kubania. Iache robo saa, suuza vizuri. Kisha tia mafuta ya kupenya. Mafundi wengi hutumia oili ya giaboksi za otomatiki, ATF, na asetoni, nusu kwa nusu, wakitikisa kila wanapotia kwa sababu viwili hivyo havikai pamoja. Ni dawa kali na inawaka upesi. Dizeli peke yake pia inapenya, ila inataka siku tatu au nne, asubuhi na jioni. Bamvua limekupa siku hizo.

Tia kidogo kidogo kwa sindano au kibomba chembamba, pale boliti inapoingia kwenye klampu. Usiumwagie mti. Mti uliokunywa mafuta utakataa gundi utakapofika wakati wa kuziba, na hilo lina habari yake mbele.

Kila ukitia, gonga kichwa cha boliti kwa nyundo nyepesi, mapigo madogo ya haraka. Lengo ni kuutikisa ule unga upasuke ili mafuta yapate njia, hakuna haja ya kusukuma.

## Moto, na hofu yake

Aluminiamu inatanuka kwa joto kuliko stenlesi. Kwa hiyo ukiipasha klampu moto, tundu linapanuka zaidi ya boliti, na unga unaachia. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu mafundi hukimbilia mtungi wa gesi.

Nina shaka na moto wa gesi kwenye mashua. Sina shaka kwamba unafanya kazi.

Aluminiamu haiwi nyekundu. Chuma kinakuonesha rangi kabla hakijayeyuka. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 ikiwa na sura ile ile uliyoiona mwanzo, na ya kumiminwa huanza kulainika chini ya hapo. Nyuma yake, sentimita chache tu, kuna mti uliokunywa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka yote. Sifa inawaka. Kwenye boti ya faiba ni mbaya zaidi, kwa kuwa faiba inaungua kabla boliti haijapata joto la maana, na hutaona kilichoharibika ndani.

Anza na maji yanayochemka. Birika zima, polepole, juu ya klampu pale boliti inapopita, kisha mafuta ya kupenya mara moja wakati chuma kinapoa, kwa sababu kikipoa kinavuta. Rudia mara nne au tano. Inachosha lakini haimuunguzi mtu wala mti.

Ikishindikana kabisa na ukaamua moto, mti ufunikwe kwa gunia lililoloa maji, mtu mmoja awe na ndoo mkononi na asiwe na kazi nyengine, na upake kipande cha sabuni ya kufulia juu ya aluminiamu. Sabuni ikianza kugeuka kahawia, moto uondoke hapo hapo. Sabuni inakwambia kile ambacho chuma kimekuficha.

## Kukata kichwa, kuvuta kwa nati

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Umelowesha siku tatu, umetia maji ya moto, nati zimetoka, boliti zimekataa. Nguvu ya kawaida imefika mwisho, na kila mtu pale pwani ana rai yake.

Nyundo kubwa ndiyo rai ya kwanza. Tatizo la kupiga ni kwamba pigo haliishii kwenye boliti. Klampu imeshikana na boliti, kwa hiyo ukiipiga boliti kutokea ndani unaisukuma na klampu nje, na ubao wa tezi unapokea mtikisiko wote kwenye tundu lake. Kama uzi wa mti unapita hapo, unafunguka. Mtaimbo ni mbaya zaidi, kwa sababu egemeo lake ni ukingo wa tezi wenyewe.

Njia ninayoiamini ni ya kuvuta, na vifaa vyake ni vya bei ndogo.

Kata kichwa cha boliti kwa nje, upande wa mashine, kwa msumeno wa chuma. Tumia wembe wa meno 24 kwa inchi, ukate polepole na kwa kuukandamiza, na tone la oili. Stenlesi ikisuguliwa tu bila kukatwa inakuwa ngumu pale pale na wembe unakwisha meno. Kwa sababu hiyo hiyo anayetoboa kwa keekee atumie biti ya kobalti, mzunguko wa chini, mkono mzito. Gurainda inakata kwa dakika moja, ila cheche zake zinaruka mbali, na baadhi ya cheche hizo zinaweza kufika penye mvuke wa petroli. Ukiitumia, mashine iwe imeshapunguzwa na tangi liko mbali.

Sasa ingia ndani ya chombo. Kwenye ncha yenye uzi, vika kipande cha ubao mgumu kilichotobolewa, kisha kipande cha bomba la inchi moja, urefu wa sentimita nane hivi, kisha washa nene, kisha nati mpya iliyopakwa grisi. Kama ncha ni fupi, unganisha na nati ndefu na kipande cha boliti nyengine. Kaza nati.

Nati inapokazwa inaivuta boliti kuingia ndani ya bomba. Tazama nguvu inakokwenda: klampu inabanwa kwenye tezi kutokea nje, ubao mgumu unabana kutokea ndani, na mti wa katikati unabanwa tu. Mti hustahimili sana kubanwa. Kinachoupasua ni kutanuliwa na kugongwa.

Kaza robo mzunguko, ngoja, gonga kidogo ncha ya boliti, kaza tena. Mara nyingi kuna mlio mmoja mkavu ambao unamshtua kila mtu. Huo ni unga ukiachia. Kabla hujafurahi, mwambie aliye nje autazame mti kuzunguka klampu.

"Ami, mti vipi huko?"

"Mti haujambo. Kaza."

Mazungumzo ni hayo tu, na yanatakiwa yarudiwe kila robo mzunguko. Mtu wa nje asiwe mtazamaji wa bure. Kazi yake ni ufa.

Boliti ikikatika ndani, toboa katikati yake kwa biti ndogo, ongeza ukubwa, na mwisho pitisha msumeno wa tundu kuzunguka mabaki yote, ukitoa na gamba la mti mweusi lililoizunguka. Unapoteza mti wa sentimita moja ambao ulikuwa umeshakufa hata hivyo.

Skrubu za kubania zikikataa, usipigane nazo. Kata ule mkono wa klampu ulioko upande wa ndani wa tezi. Aluminiamu inakatika kwa msumeno wa kawaida kwa dakika kumi. Kama umeshakubaliana na mwenye mashine kwamba giaboksi na kichwa vimetoka salama, hakuna kilichopotea.

## Kunyanyua

Kama hukupunguza mashine, au kama ni ya 15 inayobebeka na watu wawili, bado kuna namna.

Funga boriti tatu kwa juu, miguu ipanuliwe juu ya vipande vya ubao isizame mchangani, na kichwa cha boriti kiwe wima juu ya mashine, nje ya tezi. Ning'iniza chenibloki au kapi. Mashine nyengine zina jicho la kunyanyulia juu ya kichwa. Kama hakuna, pitisha mshipi mpana chini ya kichwa, mahali kinapokutana na kiwiliwili, na mwengine kwenye mguu ili usizunguke. Usinyanyue kwa kofia wala kwa mkono wa kuendeshea. Uzito uko juu, kwenye kichwa, na mashine iliyoshikwa chini inapinduka.

Nyanyua kwanza uzito tu, mshipi ukaze, kabla ya kutoa boliti ya mwisho. Boliti ya mwisho itoke ikiwa haina mzigo. Wengi hutoa boliti zote nne na kubaki wameikumbatia mashine, na ikiponyoka inatoka na ukingo wa tezi.

Ikishatoka isimamishwe wima kwenye kichanja cha mbao. Ikilazimika kulazwa, kichwa kiwe juu kuliko giaboksi; maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yakirudi kwenye silinda, ile krenki uliyotaka kuuza itakuwa na kutu ndani ya siku chache.

## Matundu

Mashine ikishaondoka watu hukunja vifaa. Kwa mashua, kazi ndiyo imefika katikati.

Tezi sasa ina matundu manne yenye kuta zilizolowa. Yakizibwa hivyo hivyo kwa silikoni, maji yamefungiwa ndani na kuoza kunaendelea mahali pasipoonekana. Panua kila tundu mpaka uone mti wenye rangi yake. Acha wazi, chini ya kivuli na upepo, siku zote zilizobaki za maji mafu. Upepo unakausha bila kupasua. Jua kali linapasua.

Njia ya kuziba inategemea mti ulikula nini. Kwenye boti ya faiba, au ubao ambao haukuwahi kupakwa sifa, toboa tundu la boliti ya 12 liwe milimita 20, lijaze epoksi iliyokorogwa na unga wa kuizidisha uzito, likikauka toboa tena 12 katikati. Boliti mpya itapita ndani ya epoksi na haitaugusa mti maisha yake yote. Ni kazi nzuri kabisa.

Kwenye mashua iliyopakwa sifa miaka thelathini, epoksi haishiki. Inaonekana imeshika, inakauka, na baada ya msimu mmoja inatoka nzima kama kizibo cha chupa. Hapo rudi kwa fundi wa mashua. Kizibo cha mti wa aina ile ile, uzi wake ukifuata uzi wa tezi, kipigwe kwa nguvu kutokea nje, kizungushiwe pamba na kukalafatiwa. Mti utavimba ukiingia majini na kujifunga wenyewe. Mafundi wa Nungwi wameziba hivi tangu kabla ya madukani kuwa na gundi, na matundu yao yanadumu kuliko boliti za watu.

Ufa nao, kama ule wa Mkokotoni, usijazwe tu. Unahitaji ubao wa kuukatia njia, umefungwa kwa ndani kupita uzi wa tezi, tena ufungwe kwenye mti mzima pande zote mbili za ufa.

## Inapokuja mashine nyengine

Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake za kufunga tezini huko Marekani mwaka 1909, na Yamaha wakatoa ya kwanza yao, P-7, mwaka 1960. Maumbo ya vyombo vyetu yalishatulia zamani sana kabla ya hapo, kwa ajili ya tanga. Tezi ya mashua iliwekwa kufunga mbao na kubeba usukani. Kubeba kilo 70 zinazotikisika ilifundishwa ukubwani, na mara nyingi kwa kukatwa: ukingo wa juu umechongwa bonde ili mashine fupi ifike majini.

Kwa hiyo kabla ya kununua, pima. Kutoka chini ya bonde mpaka chini ya tezi, kwa mstari ulionyooka. Mashine fupi inataka kiasi cha milimita 381, ndefu 508. Bamba lililo juu ya propela likae sawa na chini ya chombo au sentimita mbili chini yake. Likiwa juu, propela inavuta hewa na mashine inachemka. Wengi walichonga tezi kwa sababu mashine iliyopatikana ilikuwa fupi. Sasa mashine hiyo imeondoka, na hii ni nafasi ya kulijaza bonde kwa ubao na kununua ndefu.

Pima na uzito. Mashine za 40 za mipigo minne, zisizochanganywa oili, zinakula petroli kidogo na hazitoi moshi ule, na ningependa kuziona nyingi zaidi baharini kwetu. Lakini zinakaribia kilo 100. Kilo 25 zaidi kwenye tezi yenye matundu manne yaliyozibwa na ufa uliotiwa ubao, sioni kama ni jambo la kukimbilia. Kwa tezi ya namna hiyo ningechagua ya 15, au ningeirejesha tanga kwanza na kuiacha mashua ipumue msimu mmoja wa kaskazi.

Na utakaposhua, kumbuka kwamba chombo kimezoea ule uzito. Bila mashine tezi itanyanyuka, omo, yaani mbele ya chombo, itazama, na usukani utakuwa mwepesi mno mkononi. Tia farumi nyuma, yaani uzito wa kukituliza chombo, mifuko ya mchanga ya uzito ule ule uliotoa, ndani ya mataruma ya mwisho, katikati na si upande mashine ilipokuwa. Toka nayo siku ya upepo mdogo, ndani ya mwamba, na punguza mfuko mmoja mmoja mpaka nahodha aridhike na usukani. Ukirudi, ingiza mkono nyuma ya ile mifuko upapase vizibo vyote vinne.

Kikiwa na unyevu kimoja, kikalafatiwe upya kabla bamvua halijapita.